Kutoka Jiwe la Tororo Hadi Tabaka la Atomi: Historia Fupi ya Mwanga Uliochanwa

UTANGULIZI

Katika mikutano ya walimu wa Kiswahili swali moja halikosi kuulizwa, nalo ni hili: je, lugha yetu yaweza kubeba elimu ya sayansi, au kazi yake ni kusimulia hadithi, kutunga mashairi na kupatana bei sokoni? Wako wanaojibu kwa hasira, na wako wanaojibu kwa hotuba ndefu. Sisi tumeona afadhali tujibu kwa kisa kimoja kilichotukuta darasani, na kwa historia iliyojificha nyuma ya kisa hicho.

Tunafundisha Buhehe, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda. Hapa ni mpakani. Ukielekea mashariki waingia Kenya. Ukishuka kusini wafika Majanji, penye wavuvi wa Ziwa Viktoria. Ukipanda kaskazini waliona Jiwe la Tororo limesimama peke yake juu ya mji. Mpaka wenyewe ni wa juzi tu. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo upande wa pili ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia, ambao tangu jadi walikuwa watu wamoja, wakajikuta ni raia wa dola mbili.

Kiswahili nacho kilipita njia ndefu kabla ya kuingia madarasani mwetu. Kwa miaka mingi wazazi wengi wa Uganda walikiona kuwa ni lugha ya askari na ya wapiga magendo. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukipunguzia ubaya wa jina. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili; mwaka 2020 mtaala mpya ukakifanya somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo ya sekondari; na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi watoto tunaowafundisha leo ni wa kwanza katika familia nyingi kukutana na Kiswahili kitabuni badala ya barabarani. Watakavyokiona wao ndivyo kitakavyokuwa.

KISA CHA MIWANI

Siku moja, wakati wa masomo ya jioni, kijana mmoja alikuja darasani na miwani nyeusi ya jua aliyonunua sokoni Busia. Mwenzake alikuwa akifanya hesabu kwa kikokotoo. Yule kijana, kwa mchezo tu, aliweka kioo cha miwani juu ya kikokotoo, akakizungusha polepole. Tarakimu zikaanza kufifia, zikawa giza tupu. Akazungusha zaidi, zikarudi.

"Mwalimu, namba zimekufa!" akapaza sauti.

Darasa zima likamzunguka. Mmoja akasema kikokotoo kimeharibika. Kikaletwa kingine, nacho kikafa vivyo hivyo. Mwingine akasema miwani ina jini. Wote wakatugeukia sisi. Mwalimu wa fizikia alikuwa amekwenda nyumbani, na sisi ni walimu wa lugha. Tulijua kwa mbali kwamba jambo hili lina jina katika Kiingereza, lakini tulipofumbua kinywa tulieleze kwa Kiswahili hatukuwa na neno. Tukawaambia wasubiri. Tunakiri kwamba usiku ule tulilala na aibu, kwa kuwa asubuhi yake tulikuwa tumewahubiria watoto walewale kwamba Kiswahili ni lugha iliyokamilika.

Tangu hapo tulianza kusoma na kuuliza. Tuliyoyapata yametushangaza, maana historia ile iliyoanza katika nchi za mbali ilirudi mpaka hapa petu, ikapita ndani ya Jiwe la Tororo, kisha ikaendelea hadi katika vyombo vidogo vinavyobuniwa leo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

JIWE LA ICELAND NA JIWE LA TORORO

Mwaka 1669 mtaalamu wa Denmark, Erasmus Bartholin, alichunguza fuwele angavu zilizoletwa kutoka kisiwa cha Iceland. Aliiweka moja juu ya maandishi akaona kila herufi imekuwa mbili. Aliandika kitabu juu ya ajabu ile, ila sababu yake hakuijua. Christiaan Huygens wa Uholanzi alijaribu kuieleza mwaka 1690, naye alikwama njiani.

Ufunguo ulipatikana Paris mwaka 1808. Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyewahi kwenda Misri pamoja na Napoleon na kuugua tauni huko, alikuwa akitazama kwa fuwele ya aina ileile mwanga wa jua la jioni ulioakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Alitazamia kuona taswira mbili zenye nguvu sawa. Lakini alipoizungusha fuwele, taswira moja ilififia huku nyingine ikipata nguvu. Kumbe mwanga ukigonga kioo na kurudi haubaki vile ulivyokuwa. Mwaka uliofuata Mfaransa mwenzake, François Arago, alitambua kwamba hata mwanga wa anga la buluu una hali hiyo.

Ni hali gani? Jibu lilikamilika katika miaka ya 1820 kwa kazi ya Augustin Fresnel. Na tulieleze kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Funga ncha moja ya kamba kwenye mti, ushike ncha ya pili, uitikise. Waweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au kwa mshazari. Kila mara wimbi litakwenda mbele kuelekea mtini, lakini mtikisiko wake utakuwa wa upande ulioutaka mkono wako. Mwanga nao husafiri kama wimbi hilo. Mwanga wa jua una mitikisiko ya pande zote iliyochanganyika. Lakini ukipita katika vitu fulani, au ukiakisiwa na maji au kioo, mitikisiko ya upande mmoja hubaki na ya upande mwingine hupungua au hutoweka. Sasa pitisha ile kamba katikati ya fito mbili zilizosimama: mtikisiko wa juu na chini utapita, wa kushoto na kulia utazuiwa. Miwani ya yule kijana ndiyo fito. Kioo cha kikokotoo nacho kina utando wa aina hiyohiyo, hivyo mwanga unaotoka humo umekwisha kuchujwa. Fito zikilingana, namba huonekana. Zikikatana, namba "hufa".

Ile fuwele ya Iceland huitwa kalsaiti. Na hapa ndipo historia inapotujia nyumbani. Jiwe la Tororo, lenye kimo cha mita 1,483 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa sehemu kubwa limejengwa kwa kalsaiti. Si kalsaiti angavu ya kusomea herufi, bali chembe zilizobanana, za kijivu na nyeupe. Lakini madini ni yaleyale. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 pametengenezwa saruji Tororo.

Mawe ya chokaa ya kawaida hutokana na mashapo na makombe ya baharini. La Tororo halikutokana na hayo. Ni shina la volkeno ya kale, iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita na kumomonyoka. Mwamba wa jinsi hii huitwa kabonataiti, na kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama kweli chokaa yaweza kutoka ardhini ikiwa uji wa moto. Waliosema ndiyo walipata ushahidi mkubwa kutoka kwa jirani yetu Tanzania: mlima Oldoinyo Lengai ulipolipuka mwaka 1960, mwanajiolojia J. B. Dawson aliuchunguza, na mwaka 1962 akatangaza kwamba lava yake ni ya kabonati.

Na wataalamu waliyajuaje madini ya ndani ya mwamba? Kwa mwanga huohuo. Mwaka 1828 William Nicol wa Scotland aliikata fuwele ya kalsaiti akaibandika upya kwa gundi, akapata kichujio kinachopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Baadaye vichujio viwili vya namna hiyo viliwekwa katika hadubini, kimoja chini na kimoja juu. Katika miaka ya 1850 Henry Sorby, Mwingereza, akawafundisha wanajiolojia kusaga kipande cha mwamba mpaka kikawa chembamba cha kupenya mwanga. Siku hizi unene wa kawaida ni milimita 0.03. Kipande hicho kikiwekwa kati ya vichujio vinavyokatana, kila madini hujitaja kwa rangi yake: kalsaiti humeta weupe wa lulu, na apataiti hubaki ya kijivu. Idara ya Jiolojia ya Uganda ilianzishwa mwaka 1919 huko Entebbe chini ya E. J. Wayland, na K. A. Davies wa idara hiyo aliandika mwaka 1947 juu ya fosfeti za mashariki mwa Uganda. Kwa hiyo mwanga ule uliowaduwaza wanafunzi wetu ndio chombo kilichowawezesha wataalamu kuisoma ardhi wanayoikanyaga.

KWININI NA MBWA WA BRISTOL

Fuwele za kalsaiti zilikuwa ghali na nzito. Njia ya kupata kichujio chepesi ilitoka mahali asipotazamia mtu. Mwaka 1852 daktari William Bird Herapath wa Bristol, Uingereza, aliarifiwa na mwanafunzi wake jambo la ajabu. Mbwa mmoja alikuwa amelishwa kwinini, ile dawa ya malaria inayojulikana kwa uchungu wake katika kila nyumba ya Busia na Tororo. Mkojo wa mbwa huyo ulipotiwa aidini, zilitokea fuwele ndogo za kijani. Herapath alizitazama kwa hadubini akaona kwamba zikilala sambamba mwanga unapita, na zikikatana mahali hapo panakuwa peusi. Fuwele za kwinini zilikuwa vichujio.

Lakini zilikuwa ndogo mno, na kila mtu aliyejaribu kuzikuza alishindwa. Katika miaka ya 1920 kijana wa Marekani, Edwin Land, aligeuza swali. Badala ya kuikuza fuwele moja, alisaga fuwele nyingi za Herapath ziwe laini mno, akazipanga zote zielekee upande mmoja ndani ya utando wa plastiki. Mwaka 1929 aliomba hataza ya uvumbuzi wake, na mwaka 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid. Miwani ya yule kijana wetu ni kitukuu cha utando ule.

Yafaa tutaje faida moja ya miwani hiyo ambayo wavuvi wa Majanji wanaweza kuithibitisha. Jua likiwaka juu ya ziwa, maji hung'aa mpaka macho huuma, na samaki aliye chini haonekani. Mwanga ule unaoakisiwa hutikisika zaidi kwa kulala sambamba na uso wa maji. Miwani yenye fito zilizosimama huuzuia, na jicho hupenya ndani ya maji. Wala binadamu hakuwa wa kwanza kuitumia elimu hii. Mwaka 1949 Karl von Frisch alionyesha kwamba nyuki huusoma mtikisiko wa mwanga wa anga ili aijue njia ya kurudi mzingani, hata jua likiwa limefichwa na wingu, mradi kipande cha anga la buluu kinaonekana.

TABAKA JUU YA TABAKA

Hadi hapa tumesimulia habari za vichujio. Lakini kichujio hakijui alichokichuja; lazima pawe na jicho au kamera nyuma yake. Tena hali ya mwanga haitambuliki kwa kipimo kimoja. Mwaka 1852, mwaka uleule wa mbwa wa Bristol, George Gabriel Stokes alionyesha kwamba zahitajiwa namba nne kuieleza kikamilifu. Ndiyo sababu vyombo vya kupimia mtikisiko wa mwanga vilikuwa vikubwa: lenzi, kichujio, injini ya kukizungusha, na kihisi cha kupokea mwanga. Swali la wataalamu wa siku zetu likawa: je, hatuwezi kupata kitu kimoja ambacho chenyewe ni kichujio na ni kihisi pia?

Ili tulielewe jibu, tutazame kwanza ulanga. Neno hili ni letu, na limo katika kamusi zetu za zamani. Ulanga ni madini yanayobanduka kwa karatasi nyembamba zinazong'aa, mfano wa kurasa za kitabu. Katika milima ya Uluguru nchini Tanzania yalichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Grafaiti iliyomo ndani ya penseli ni ya jinsi hiyo pia: tuandikapo, tabaka zake hubanduka na kubaki karatasini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliichukua grafaiti wakaibandua kwa utepe wa gundi, tena na tena, mpaka wakapata tabaka lenye unene wa atomi moja. Tabaka hilo huitwa grafini, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Lakini grafini ikitandazwa bapa humeza mwanga kwa usawa, uje ukitikisika upande wowote. Ilihitajika tabaka yenye upande. Ndipo likakumbukwa jambo la zamani. Mwaka 1669, mwaka uleule wa Bartholin, Hennig Brand wa Hamburg alichemsha mkojo mwingi akitafuta dhahabu, akapata fosforasi. Mwaka 1914 Mmarekani Percy Bridgman aliibana fosforasi nyeupe katika joto, kwa shinikizo lililozidi mara 10,000 lile la hewa tuivutayo, akapata fosforasi nyeusi. Kwa miaka mia hivi watu wachache tu waliijali. Mwaka 2014 watafiti wa China na wa Marekani waliibandua kama ilivyobanduliwa grafaiti, wakaona ina tabia nzuri za umeme.

Umbo la fosforasi nyeusi mkulima wa Buhehe angelifahamu mara moja. Atomi zake hazikutandazwa bapa. Zimepanda na kushuka mfano wa shamba la viazi lililopigwa matuta. Mwanga unaotikisika kwa kuyakata matuta humezwa kwa wingi. Unaotikisika kwa kuyafuata matuta humezwa kidogo. Na mwanga unapomezwa huzifungua elektroni, elektroni zikatiririka, umeme ukapatikana. Basi ukiugeuza mtikisiko wa mwanga, umeme nao huongezeka au hupungua. Tabaka yenyewe imekuwa kichujio na kihisi kwa wakati mmoja. Mwaka 2015 kikundi cha watafiti, wengi wao wa Stanford nchini Marekani, walitangaza kihisi cha jinsi hiyo, kinachotambua kuanzia mwanga tuuonao hadi miale ya infraredi isiyoonekana. Baadaye wengine wamepanga tabaka kadhaa, kila moja ikielekea upande wake, ili zile namba za Stokes zisomwe pamoja mahali padogo kuliko chembe ya vumbi.

Kazi haikukosa mwiba. Fosforasi nyeusi nyembamba ikiachwa hewani huliwa na oksijeni na unyevu, ikaharibika. Hufunikwa kwa tabaka ya kitu kingine, kwa mfano boroni naitraidi, ambayo nayo hubanduka kama ulanga. Kwa sehemu kubwa vihisi hivi bado vimo katika maabara. Lakini matumaini yaliyowekwa juu yake si madogo: kamera za kuona ndani ya ukungu, vyombo vya kuongozea safari mfano wa nyuki, na vyombo vya tiba. Katika tiba tutaje jambo moja linalotugusa. Wadudu wa malaria wanapokula damu huacha fuwele ndogo za rangi nyeusi. Ndizo zilizomwongoza Alphonse Laveran alipowagundua wadudu hao nchini Algeria mwaka 1880. Fuwele hizo zikitazamwa kati ya vichujio vinavyokatana hung'aa gizani. Nchi yenye malaria nyingi kama Tororo na Busia haiwezi kusema kwamba elimu ya mtikisiko wa mwanga haiihusu.

SUALA LA JINA

Sasa turudi kwenye aibu yetu ya usiku ule: jina. Malus ndiye aliyeipa hali hii jina lake la Kifaransa, ambalo Waingereza waliliazima. Alilitoa katika ncha za sumaku, kwa kuwa aliamini kwamba mwanga ni chembe, na kwamba kila chembe ina ncha zake. Fresnel alipothibitisha kwamba mwanga huenda kwa mawimbi, maelezo ya Malus yalianguka, lakini jina lilikwisha kuota mizizi. Basi lugha kubwa za Ulaya hutumia hadi leo neno lililojengwa juu ya kosa, wala hakuna anayezicheka. Hili ni fundisho kwa wale wanaodhani kwamba istilahi za kigeni zimekamilika na zetu ndizo zinazopapasa.

Tulirudi darasani na historia hii, tukawaomba wanafunzi watafute jina. Wa kwanza akasema "mwanga wa foleni". Tulilikataa, kwa sababu foleni ni watu kufuatana, na hapa jambo ni upande wa kutikisika. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa desturi hanyanyui mkono, akasema: "Ni kama nywele, Mwalimu. Kabla hujachana zinaelekea kila upande. Ukichana zinalala upande mmoja. Huu ni mwanga uliochanwa." Darasa likanyamaza, kisha likapiga makofi. Miwani ikaitwa kitana.

Mwenzetu mmoja, mwalimu hodari wa sarufi, alitupinga, na pingamizi lake lilikuwa na haki. Alisema kuchana ni pia kurarua: karatasi huchanwa, nguo huchanwa. Atakayesikia "mwanga uliochanwa" atadhani umeraruliwa. Tulimjibu kwamba neno kuwa na maana mbili si dosari ikiwa muktadha unazitenga. Lakini tulikubali kwamba kitabu cha kiada chahitaji neno lisilo na utata. Basi tulipatana hivi: katika daftari za sayansi tutaandika polaraizesheni, kwa kuwa ndilo watakalokutana nalo mbele, katika kueleza tutatumia mwanga uliochanwa, kwa kuwa ndilo linalofungua akili. Neno la kudumu na litolewe na wenye mamlaka ya kusanifu, kama BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na vyombo vyenzake. Ila tungependa wakumbuke kwamba msichana wa Buhehe alikwisha kutoa lake.

ONYO JUU YA UTAJIRI

Yule kijana mwenye miwani hakuridhika na jina tu. Alikuwa amesikia fosforasi, naye ajua kwamba vilima vya Sukulu, jirani na Jiwe la Tororo, vina fosfeti. Ni kweli. Mvua za miaka mingi zimeyeyusha kalsaiti ya Sukulu, na apataiti, yenye fosforasi ndani yake, imebaki udongoni. Hukadiriwa kuwa udongo huo wafikia tani milioni 230. "Basi Mwalimu," akauliza, "si tutatajirika? Vihisi vyote vya dunia vitatoka Tororo."

Tulishawishika kumwitikia, maana jibu tamu hupendwa. Lakini mwalimu hapaswi kumjengea mtoto nyumba ya karata. Tulimwita mwalimu wa hesabu, tukapiga hesabu ubaoni pamoja. Tuseme kihisi kimoja kina kipande cha fosforasi nyeusi chenye upande wa milimita 0.01 na unene wa nanomita 10. Kwa hesabu hiyo gramu moja ya fosforasi yatosha vipande zaidi ya bilioni 300. Kiganja cha udongo wa Sukulu kingehudumia dunia nzima, na mwenye kiganja hicho asingepata hata nauli ya kwenda Kampala. Thamani haimo katika udongo. Imo katika elimu ya kuubana, kuubandua na kuupanga.

Kijana alisononeka. Tukamwambia lililo la kweli zaidi: fosfeti ya Sukulu ina kazi yake ya haki, nayo ni mbolea. Katika miaka ya 1960 na 1970 mbolea ya fosfeti ilitengenezwa Tororo, kisha kazi ikakoma. Oktoba 2018 Rais Museveni alifungua kiwanda kipya hapo Sukulu. Kwa mkulima wa muhogo na mahindi, mfuko wa mbolea una maana kubwa kuliko vihisi elfu. Lakini mtoto wa mkulima huyo ana haki ya vyote viwili, mbolea na elimu.

HITIMISHO

Wazee wa Samia walikuwa wahunzi mashuhuri. Waliyeyusha chuma cha vilima vyao wakafua majembe yaliyonunuliwa na majirani wa makabila mengine. Hawakungoja mgeni awaambie kwamba katika jiwe mna kitu. Na waliifundisha kazi yao kwa lugha yao; kila kifaa kilikuwa na jina, na kila jina lilieleweka na mtoto aliyeshika mivukuto. Wahenga wamesema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Tukishindwa kuwapa watoto wetu nyundo, angalau tuwaachie mivukuto, yaani lugha ya kuulizia.

Wako wenzetu wanaoona kwamba mwalimu wa lugha hana ruhusa ya kuingia katika fizikia. Sisi twaona kinyume. Mwalimu wa fizikia anajua jambo. Mwalimu wa lugha anajua namna jambo linavyoingia kichwani. Wakikaa meza moja, mtoto hunufaika. Tunawashauri walimu wenzetu wafanye jaribio hili ambalo halihitaji fedha: miwani moja ya jua ya aina hii na kikokotoo kimoja. Zungusha, waulize wanaona nini, kisha wape nafasi wataje kwa Kiswahili walichokiona kabla ya kuwapa neno la kitabuni. Watazame pia anga la buluu kwa miwani hiyo, upande ulio mbali na jua. Wakatazwe kabisa kulikabili jua lenyewe.

Penye miti, wasema, hapana wajenzi. Tororo pana kalsaiti na fosfeti, Uluguru pana ulanga, na kila nyumba ya mpakani ina kikokotoo au simu. Miti tunayo. Yule msichana wa nyuma sasa hunyanyua mkono, na juzi alituuliza kwa nini upinde wa mvua nao hubadilika ukitazamwa kwa kitana. Tulimjibu kwamba hatujui, na kwamba kesho tutakwenda pamoja kwa mwalimu wa fizikia. Safari hii tutakuwa na maneno ya kumwuliza.